Ruta ya shilingi 1,250,000 kwa nyumba yenye kifurushi cha megabiti 50: inunuliwe au iachwe?

Mama Samira wa Mbezi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu kabla hatujatoa fedha ambazo kwa familia yetu si ndogo.

Tunaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, katika nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa kwa tofali za saruji, na kati ya chini na juu kuna zege lenye nondo kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za huku. Intaneti yetu ni ya faiba, kifurushi cha megabiti 50 kwa sekunde. Kisanduku tulichofungiwa na mtoa huduma, ambacho ndicho kinachorusha Wi-Fi ya nyumba nzima, kiko sebuleni nyuma ya runinga kwa sababu ndipo waya wa faiba ulipoingilia. Sebuleni hatuna malalamiko yoyote. Shida iko juu, kwenye chumba anachofanyia kazi mume wangu, ambaye ofisi yake iko nje ya nchi na karibu kila siku ana mkutano wa video. Sauti hukatika, picha huganda, na mara nyingi hulazimika kuhamia kwenye bando la simu mkutano ukiwa katikati. Jioni watoto huangalia filamu na kucheza michezo ya mtandaoni, na getini kuna kamera mbili zinazopeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni mchana na usiku.

Duka moja la Kariakoo limetupa bei ya shilingi 1,250,000 kwa ruta ya ASUS ROG Rapture GT-AX11000, yenye antena nane. Tulielezwa kwamba 11000 ndiyo kasi yake na kwamba antena hizo zitavusha mawimbi kwenye zege bila tabu. Mume wangu yuko tayari kulipa, kwa kuwa mikutano hiyo ndiyo riziki yetu, nami namwelewa. Hata hivyo nasita, kwa sababu sijaona mtu anayenieleza kwa hoja jinsi kifaa hicho kitakavyoifikia shida yetu. Je, kitaiondoa? Kama hakitaiondoa, fedha hizo tuzielekeze wapi? Na wapo wanaotushauri tusubiri Wi-Fi 7, yaani kizazi cha saba cha Wi-Fi. Je, kuna mantiki katika kusubiri?

Fundi Nyaya

Dada, hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Kazi yangu ni kutandaza mitandao ya majumbani na maofisini, na swali lako ni lile ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine yote.

Nianze na hiyo 11000, kwa sababu ndiyo inayouza kifaa. Ruta hiyo ina redio tatu zinazofanya kazi kwa pamoja: moja ya gigahezi 2.4 yenye kikomo cha megabiti 1,148 kwa sekunde, na mbili za gigahezi 5 zenye kikomo cha megabiti 4,804 kila moja. Ukizijumlisha unapata 10,756, na mtengenezaji akaikuza hadi 11,000. Simu yako haiwezi kuzungumza na redio zote tatu kwa wakati mmoja, huchagua moja. Tena hiyo 4,804 hupatikana pale tu ambapo kifaa cha upande wa pili nacho kina njia nne za antena na kinatumia chaneli yenye upana wa megahezi 160, ilhali simu na kompyuta mpakato karibu zote zina njia mbili tu. Simu ya Wi-Fi 6 yenye njia mbili, kwenye chaneli ya megahezi 80, huishia megabiti 1,201 kwenye karatasi, na katika matumizi halisi, hata ukiwa chumba kimoja na ruta, utapata kama nusu ya hapo au zaidi kidogo. Sasa weka hayo yote kando ya kifurushi chenu cha megabiti 50. Kisanduku mlichonacho tayari kinaweza kupitisha zaidi ya kile mnacholipia kila mwezi.

Suala la pili ni nguvu ya mawimbi. Nguvu ambayo ruta inaruhusiwa kurusha haipangwi na bei. Hupangwa na mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi, na hapa kwetu kazi hiyo ni ya TCRA. Ulaya, kwa mfano, kikomo kwenye gigahezi 2.4 ni miliwati 100, na kinaihusu ruta ya bei ya chini sawasawa na ile ya bei ya juu. Antena nyingi husaidia kupokea vizuri zaidi na kuelekeza mawimbi kwa ustadi zaidi, hilo silikatai, na ruta nzuri inaweza kukuongezea chumba kimoja. Lakini mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili. Simu iliyoko juu lazima ijibu, na redio yake ni dhaifu kuliko ya ruta, kwa hiyo ni kama mwenye kipaza sauti anayezungumza na mtu wa sauti ndogo aliye ng'ambo ya mto: atasikika, ila hatamsikia mwenzake. Ndiyo maana watu hushangaa kuona alama ya mawimbi imejaa huku ukurasa haufunguki.

Hata hivyo, sitaki kukuhukumia nyumba ambayo sijaiona. Naomba ufanye vipimo kwanza, na uvifanye kwa mpangilio huu. Chomeka kompyuta kwenye kisanduku kwa waya, pima kasi, uandike. Kisha pima kwa Wi-Fi ukiwa sebuleni, halafu kwenye ngazi, halafu kwenye meza ya kazi ya mume wako, ukiangalia kila mara simu imeunganishwa kwenye gigahezi 2.4 au 5. Kasi ya waya ikiwa ndogo, tatizo liko kwa mtoa huduma na hakuna ruta itakayoliponya. Mnamo Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, hata mwenye ruta ya bei mbaya kuliko zote Dar es Salaam alikaa akisubiri kama wengine. Kasi ya waya ikiwa nzuri na ya juu ikawa mbaya, tatizo ni safari kati ya kisanduku na kile chumba, nalo lina dawa ya bei nafuu zaidi.

Kitongosimba

Nakubaliana na Fundi katika mengi, lakini naomba niongeze jambo ambalo kipimo cha kasi peke yake hakitalionyesha.

Mkutano wa video hauhitaji kasi kubwa. Hata ule wa picha ya 1080p unatosheka na chini ya megabiti 4 kila upande, na Netflix yenyewe inapendekeza megabiti 15 kwa picha ya 4K. Kinachoua mkutano ni ucheleweshaji, yaani muda ambao data hutumia kwenda na kurudi. Kamera za Mama Samira zinapandisha picha muda wote, na simu ya mtoto ikianza kuhifadhi video zake mtandaoni, njia ya kupandisha hujaa. Ruta nyingi, badala ya kudondosha pakiti (vipande vidogo vya data) chache mapema ili mtumaji apunguze mwendo, huzirundika kwenye foleni ndefu, na pakiti ndogo ya sauti ya mume wake inakaa nyuma ya mzigo wa picha za getini. Kasi itapimwa na kuonekana nzuri, lakini sauti itakatika. Kwa hiyo pima ucheleweshaji mara mbili: mtandao ukiwa umetulia, na mtandao ukiwa na mzigo. Ikiwa unaruka kutoka makumi ya milisekunde hadi mamia, hilo ni tatizo la pili linalojitegemea, na halina uhusiano na zege.

Dawa yake ni ruta inayosimamia foleni vizuri. OpenWrt, programu huria inayowekwa kwenye ruta, ina njia mbili zinazojulikana kwa kazi hiyo, fq_codel na CAKE. Unaiambia ruta kwamba kifurushi chako ni kidogo kuliko kilivyo, tuseme asilimia 90 ya kasi halisi, ili foleni itengenezwe ndani ya nyumba yako ambako unaweza kuitawala, si kwenye kifaa cha mtoa huduma. Kazi hii hufanywa na prosesa, si redio. Kwa megabiti 50, ruta ya bei ya kati inaimudu. Kwa kifurushi cha gigabiti moja, ruta nyingi za kawaida huelemewa, na hapo ndipo ninaposema kwa dhati kwamba kifaa cha gharama kinaanza kustahili fedha yake.

Sababu nyingine inayonifanya nisidharau vifaa vya gharama ni usalama. Mwaka 2018 programu hasidi iliyoitwa VPNFilter iliingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data vipatavyo 500,000 katika nchi 54, hadi FBI ya Marekani ikawaomba wananchi wazime na kuwasha ruta zao. Ruta ndiyo mlango wa nyumba, na watu wengi huisahau mara tu inapofungwa. Kabla ya kununua, angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama modeli hiyo bado inapata masasisho na lini ilipata la mwisho. Hapo ruta ya milioni moja iliyotoka miaka mingi iliyopita inaweza kushindwa na ya laki mbili iliyotoka juzi, maana GT-AX11000 si kifaa kipya. Usiridhike na neno la muuzaji kwenye jambo hili.

Mama Samira wa Mbezi

Nawashukuru sana. Nimepima kama mlivyonielekeza, mchana na tena jioni watu wote wakiwa nyumbani.

Kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku napata megabiti 48. Sebuleni kwa simu, kwenye gigahezi 5, napata 46. Kwenye ngazi inashuka hadi 21. Kwenye meza ya kazi simu inahamia yenyewe kwenye gigahezi 2.4 na napata kati ya 3 na 7, na nikizima kisha kuwasha Wi-Fi ili nione kama itarudi kwenye gigahezi 5, haiuoni kabisa mtandao huo. Kuhusu ucheleweshaji, kwa waya ni milisekunde 11 mtandao ukiwa umetulia, lakini nilipopandisha video kubwa huku kamera zikiendelea na kazi, ulipanda ukazidi 300. Inaonekana wote wawili mlikuwa sahihi, na nyumba yangu ina shida mbili.

Swali langu sasa ni la matendo. Nyumba ni yetu, kwa hiyo kutoboa ukuta si tatizo. Nifanye nini, na kwa mpangilio upi?

Fundi Nyaya

Vipimo vyako vinajieleza, dada. Kutoka 46 hadi 5 kwa kupanda sakafu moja maana yake ni zege na nondo, na labda runinga iliyosimama mbele ya kisanduku imechangia, kwa sababu bamba la nyuma la runinga ni chuma. Hamishia kisanduku pembeni ya runinga, juu kidogo, hata kama ni kwa mita moja tu. Hilo halina gharama na lifanyike leo.

Kisha pitisha waya wa Cat6 kutoka sebuleni hadi kwenye chumba cha kazi. Waya wa namna hii hubeba gigabiti moja hadi mita 100, na nyumba yako haitafika hata theluthi ya umbali huo. Mara nyingi kuna bomba la waya za antena ya runinga lililokwishafukiwa ukutani, na fundi mzuri atalitafuta kabla ya kushika patasi. Kama halipo, waya unaweza kutoka nje, kupanda ukutani ndani ya bomba na kuingia juu kwa dirisha au dari. Ukipita nje, sisitiza uwe wa kuhimili jua, kwa sababu ganda la waya wa ndani hupasuka kwa jua letu. Usikubali upitishwe kwenye bomba moja na nyaya za umeme. Jambo ambalo nakuomba ulisimamie kwa macho yako ni hili: kata kipande cha waya mbele ya muuzaji, kisha ukwangue mojawapo ya nyuzi zake kwa wembe. Ikiwa rangi ya shaba inabanduka na ndani ni nyeupe kama fedha, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hukatika kwenye maungio, na hupoteza nguvu nyingi pale ambapo kifaa kinapewa umeme kupitia waya huo huo. Shaba tupu ni nyekundu hadi ndani.

Juu, mwisho wa waya huo, funga aksesi pointi ya Wi-Fi 6, yaani kifaa kinachopokea intaneti kwa waya na kuirusha kwa Wi-Fi, kwenye dari, katikati ya korido kama inawezekana, ili vyumba vyote vya juu vifaidike. Kompyuta ya mume wako, kama inakaa mezani, iunganishwe moja kwa moja kwa waya wake wa pili. Mkutano unaopita kwenye waya hausumbuliwi na Wi-Fi ya jirani wala ya watoto. Mpe aksesi pointi jina lile lile la mtandao na nywila ile ile ya chini, ila chaneli ziwe tofauti: kwenye gigahezi 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Punguza nguvu ya 2.4 kidogo, la sivyo simu zitang'ang'ania redio ya chini hata zikiwa juu. Simu ndiyo inayoamua kuhama, si ruta, na kadiri mawimbi ya chini yanavyosikika juu ndivyo inavyochelewa kuamua.

Kwa ushauri wa Kitongosimba, ongeza ruta ya bei ya kati inayokubali OpenWrt, kisha umwombe mtoa huduma aweke kisanduku chake kwenye hali ya daraja, yaani kipitishe intaneti tu bila kufanya kazi ya ruta, ili kusiwe na ruta mbili zinazotafsiri anwani moja nyuma ya nyingine. Wengine hukataa au hutaka upige simu mara kadhaa. Kuwa na subira, na uombe pia jina la mtumiaji na nywila za muunganisho kama wanatumia mfumo huo. Ruta, aksesi pointi, waya na ufundi vyote kwa pamoja havitafika nusu ya bei uliyopewa Kariakoo.

Bint Shangani

Naomba niwatetee wale ambao hawawezi kufuata ushauri wa waya. Ninasimamia nyumba ndogo ya wageni Mji Mkongwe, Unguja, ambako kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na pengine zaidi, na kutoboa kunahitaji ruhusa kwa kuwa mji wetu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kwa nyumba kama yangu, mfumo wa meshi wa vifaa vitatu, ambavyo hupokezana intaneti kwa mawimbi bila waya, ndio uliotufaa, na tulilipa zaidi ya wastani ili tupate ule wenye redio ya tatu ya gigahezi 5 inayotumika kwa mazungumzo ya kifaa kwa kifaa pekee. Ile ya bei rahisi yenye redio mbili hutumia redio moja kupokea kutoka kwa mwenzake na kumhudumia mgeni, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu kila inaporuka kituo.

Nilichojifunza kuhusu meshi ni kwamba kila kifaa kiwekwe mahali ambapo mawimbi ya mwenzake bado ni mazuri, si ndani ya chumba chenye shida. Watu hukiweka palipo na giza la mawimbi, kisha wanalaumu kifaa, wakati nacho hakina cha kugawa. Kwetu njia ilikuwa kisima cha ngazi na ua wa ndani, ambako hakuna ukuta. Kwa hiyo sisemi fedha nyingi hupotea bure siku zote. Nasema zilipie redio ya ziada unayoihitaji, si antena nane mahali pamoja.

Kitongosimba

Bint Shangani amesema vema. Nijibu swali la Wi-Fi 7 ambalo tumeliacha. Uthibitisho wake ulianza Januari 2024, na faida zake kubwa, ikiwemo chaneli ya megahezi 320, zinategemea masafa ya gigahezi 6, ambayo hupenya ukuta kwa shida kuliko gigahezi 5 isiyofika mezani kwa mume wako. Tena faida hizo huonekana pale tu simu au kompyuta nayo ina uwezo huo. iPhone 16, kwa mfano, ina Wi-Fi 7, ingawa haifiki chaneli ya megahezi 320, na iPhone 15 ya kawaida haina kabisa. Pia si kila nchi imefungua gigahezi 6 kwa upana ule ule wa Marekani, na Ulaya ilianza kwa kufungua sehemu ya chini tu, 5,945 hadi 6,425. Kwa nyumba yenye megabiti 50 sioni sababu ya kusubiri. Waya wa Cat6 utakaofukiwa leo utahudumia aksesi pointi ya Wi-Fi 7 siku mtakapoihitaji, na hapo mtabadilisha kifaa cha dari peke yake.

Mama Samira wa Mbezi

Mume wangu amesoma majibu yote na amekubali. Ruta ya Kariakoo tumeiacha. Kisanduku tumekitoa nyuma ya runinga na ngazi sasa inapata 30, ingawa chumba cha kazi bado hakijabadilika. Fundi wa waya anakuja Jumamosi, na nitasimama naye dukani na wembe. Limebaki jambo moja: umeme ukikatika mkutano unakatika pia, hata kompyuta ikiwa na chaji. Je, katika fedha iliyobaki kuna kitu cha kufanya?

Fundi Nyaya

Kipo, na kwa kazi ya mume wako ningekiweka mbele hata ya ruta mpya. Visanduku vingi vya faiba na ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 za umeme wa DC, wa aina ile inayotoka kwenye betri. Soma kibandiko cha adapta ya kila kifaa: volti lazima zilingane kabisa, na ampea za kifaa cha akiba ziwe sawa au zaidi. Kuna betri ndogo za akiba za volti 12 zinazouzwa mahsusi kwa ruta, na kisanduku pamoja na ruta kwa kawaida havifiki wati 25 vikijumlishwa, kwa hiyo betri ya wati-saa 80 hadi 100 itakupitisha kwenye kukatika kwingi kwa mchana. Aksesi pointi ya dari mara nyingi hutaka volti 48 kupitia waya wa mtandao, kwa hiyo kabla ya kununua betri hakikisha ina tundu la aina hiyo, au uchague aksesi pointi inayokubali volti 12. Kompyuta ikiwa kwenye waya, mkutano utaendelea hata aksesi pointi ikizimika, mradi waya huo unatoka moja kwa moja kwenye ruta na haupiti kwenye swichi isiyo na betri.